Jina la Nchi Yako Likikutangulia Bwenini: Mwongozo wa Msafiri wa Begi Mgongoni

Usiku wangu wa kwanza kwenye bweni la hosteli nilipewa kitanda cha juu, dabo deka ya tatu kutoka dirishani. Msichana wa kitanda cha chini alikuwa ameweka simu yake kwenye kiti, inachaji. Tulisalimiana, akaniuliza safari ilikuwaje, tukacheka kidogo kuhusu ile ngazi iliyolia kila nilipoikanyaga. Kisha akauliza, "Unatoka wapi?" Nikamjibu. Hakusema neno baya hata moja. Alitabasamu, akachomoa simu kabla haijajaa, akaiweka kwenye kabati lake la chuma, akafunga kufuli, halafu akalivuta mara mbili kuhakikisha limekaza.

Kesho yake nilinunua daftari nikaanza kuandika mambo haya, na ninayokueleza hapa yametoka humo.

Nchi yangu sitaitaja. Weka yako. Nimelala mabweni ya watu wanane, kumi na wawili, na mara moja ishirini na wanne, na nimemwona Mmarekani akiulizwa habari za bunduki kabla hajavua viatu, Mjerumani akiulizwa habari za Hitler na mtu aliyeshika mswaki, Mkolombia akiombwa dawa za kulevya na mtu ambaye hata jina lake hakulijua. Kila mmoja ana mzigo wake, ila uzito haulingani. Anayeambiwa watu wa kwao ni wachoyo analala usingizi wake. Anayeambiwa watu wa kwao ni wezi analala na pasipoti chini ya shingo, kwa sababu anajua kitu kikipotea ataulizwa yeye. Mwongozo huu nimeuandika hasa kwa ajili ya huyu wa pili.

Kabla ya kufunga begi

"Unatoka wapi?" utaulizwa mara nyingi kuliko jina lako, kwa hiyo usiliache swali hilo likukute hivi hivi. Mimi nina majibu matatu. La kwanza ni jina la nchi peke yake, kwa sauti ile ile ninayotajia jina langu, bila kuishusha na bila kuongeza "lakini". Hiyo "lakini" ichunge sana. Niliwahi kutaja nchi yangu nikaongeza, "lakini kwetu kuna amani," wakati mwenzangu hakuwa amegusia vita. Vita nilivileta mimi mezani.

Jibu la pili lina kitu kimoja kidogo nilichokiona kwa macho yangu: mto uliopita nyuma ya shule niliyosoma, na jinsi maji yake yanavyogeuka rangi siku ya kwanza ya mvua. Milima ya kwenye kadi za posta na sifa za uchumi naziacha. Ukitaja kitu kidogo, mtu huuliza zaidi. Ukitaja kitu kikubwa, huanza ubishi. Jibu la tatu ni refu, lina historia na siasa ndani yake, na nalitoa kwa mtu ambaye ameshaniuliza maswali mawili ya kweli mfululizo. Wengine sina deni nao.

Halafu keti chini uandike mambo matatu yanayosemwa kuhusu watu wa kwenu, yale hasa yanayokuuma. Pembeni ya kila moja andika kama lina ukweli ndani yake. Kwangu moja kati ya matatu lilikuwa kweli, na tangu hapo likitajwa nasema, "Ndiyo, lipo, na linatuumiza sisi kwanza." Mara nyingi mazungumzo hupoa hapo hapo. Anayetetea kila kitu cha kwao hataaminiwa siku atakapotetea la haki.

Na usiidanganye nchi yako. Najua kishawishi chake. Bendera ya Kanada yenye jani jekundu ilianza kupepea tarehe 15 Februari 1965, na tangu miaka ya vita vya Vietnam wasafiri wamekuwa wakisimuliana habari za Wamarekani wanaoishona kwenye mabegi yao ili waachwe wapumzike. Mimi sikushona bendera, ila kwa siku mbili nilisema natoka nchi jirani, ambayo jina lake linawapendeza zaidi watalii. Nilipendwa. Watu walinisogezea viti. Siku ya tatu tukapanda basi la kuvuka mpaka, kondakta akakusanya pasipoti zote, na alipozirudisha hakuita majina. Aliinua kila pasipoti juu akasoma nchi iliyoandikwa kwenye jalada. Yangu aliisoma mara mbili, maana mara ya kwanza sikuinua mkono. Wenzangu wawili wa bwenini walikuwa wamekaa safu mbili nyuma yangu. Hawakunisema, lakini kwa saa sita zilizobaki hatukuongea, na kilichonitafuna ni kwamba uongo ule sasa ungeandikwa kwenye hesabu ya nchi nzima. Samaki mmoja akioza wote wameoza, ndivyo wanavyohesabu, na samaki yule nilikuwa mimi.

Saa ya kwanza

Salimia wewe kwanza, taja jina lako, na uliza wewe kabla hujaulizwa. Swali langu ni hili: "Leo umetokea wapi?" Kiswahili kimetutofautishia vizuri. Ukimuuliza mtu anatoka wapi unamuuliza asili. Ukimuuliza ametokea wapi leo unamuuliza njia. Kwenye lugha nyingine itabidi ulitamke wazi, kwamba unauliza safari ya leo imeanzia wapi. Mtu atakusimulia basi lililoharibika, mvua iliyomkuta stendi, begi lililosahaulika kwenye boti. Nchi zitatajwa tu, hakuna namna ya kuzikwepa, lakini zitakukuta wewe tayari una sura na una hadithi.

Kuna sababu mpangilio huu unafanya kazi. Mwaka 1922 mwandishi wa habari wa Marekani, Walter Lippmann, aliazima neno la wachapaji wa vitabu, "stereotype". Ni jina la lile bamba la chuma linalotoa ukurasa ule ule kila likigandamizwa, naye akaliita kwa jina hilo wazo ambalo mtu hubeba kichwani kuhusu watu asiowajua. Ukianza na nchi, bamba limeshagandamizwa, na kila utakachosema baadaye kitaandikwa juu ya maandishi yaliyokwishakauka. Ukianza na njia, karatasi bado nyeupe.

Mengine ya saa ya kwanza ni ya kawaida. Funga kufuli lako bila kuomba radhi, usitandaze vitu vyako kwenye kitanda cha mtu, jua bafu liko wapi. Wapo wanaoshauri kwamba mtu mwenye nchi yenye jina baya asiguse kitu cha mwenzake hata kikianguka. Mimi siwezi kuishi hivyo. Taulo la mtu likidondoka naliokota.

Pima kabla hujajibu

Maneno yale yale huweza kutoka kwa mtu asiyejua, kwa mtani, kwa mwenye dharau au kwa mwenye hofu, na kila mmoja ana dawa yake. Kipimo changu ni kimoja: nikishajibu, je, anauliza tena? Asiyejua huuliza tena. Mwenye dharau hamalizi hata kulisikiliza jibu.

Kwa asiyejua kuwa mpole, hata swali likiwa la ajabu. Mtu akikwambia unazungumza lugha yake vizuri mno, mwambie umejifunzia wapi, kisha umuulize yeye anazungumza lugha ngapi. Jibu kwa sentensi mbili, inatosha.

Kwenye utani nilipata funzo la gharama. Jijini Prague kijana mmoja alinipa jina la utani lililotokana na nchi yangu, nami nikacheka kwa kuwa nilikuwa mgeni na sikutaka kuonekana mzito. Jina likanishika. Siku ya nne wageni wapya walikuwa wakitambulishwa kwangu kwa jina hilo, na hakuna aliyejua kwamba nina jina jingine. Usicheke kisichokuchekesha. Kicheko cha adabu husikika kama ruhusa. Mara ya kwanza sema, "Niite kwa jina langu, tafadhali," huku unatabasamu. Mara ya pili sema maneno hayo hayo bila tabasamu. Sijawahi kuhitaji mara ya tatu.

Kwa mwenye dharau nina swali moja: "Hilo umelipata wapi?" Liulize kwa sauti ya chini, kisha nyamaza. Nyamaza kweli; mimi huhesabu hadi saba kimoyomoyo. Wengi hutafuta chanzo wasikipate, wakaishia kutaja video fulani au rafiki wa shemeji. Usimfuate ukamkanyaga hapo. Mwachie nafasi aondoke na heshima yake, kwa sababu mtu aliyeaibishwa mbele ya bweni zima ataitafuta heshima hiyo kwako usiku huo huo. Akiendelea, simama uondoke. Ukishaona anakwepa macho yako anazungumza na hadhira, mjadala umekwisha.

Na usihukumu moja kwa moja kwa maneno ya usiku wa kwanza. Kuna utafiti mmoja wa safari ninaoupenda sana. Mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930 pamoja na wanandoa vijana wa Kichina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi kabisa. Waliingia kwenye hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia barua sehemu hizo kuuliza kama zinapokea wageni wa Kichina, na zaidi ya 90 kwa kila 100 kati ya waliojibu wakasema hapana. Matokeo aliyachapisha mwaka 1934. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Na hawa vitendo vyao vilikuwa bora kuliko kunena kwao. Mimi utafiti huo nautumia hivi: nikikataliwa kwa ujumbe wa simu, na kama njia yangu inapita hapo, naenda mwenyewe hadi mlangoni, nasalimia, naomba kitanda. Mara mbili nimekipata pale pale nilipoambiwa kimejaa. Ila kinyume chake pia kipo, na kinachofuata kilitoka kwa watu waliokuwa wakinichekea vizuri tu.

Kitu kikipotea

Saa moja asubuhi, bweni la watu kumi. Kijana wa kitanda cha kona alikuwa akitafuta mkoba wake wa kiunoni, ule wa pasipoti na fedha, anatupa nguo sakafuni. Hakunituhumu. Alisimama, akanitazama, na rafiki zake wawili wakayafuata macho yake. Mhudumu wa mapokezi alipoitwa akaniambia mimi, kati ya watu kumi, nifungue begi langu.

Nikalifungua. Hilo ndilo kosa langu, na nalisimulia ili wewe usilirudie. Nilitoa vitu kimoja kimoja nikaviweka juu ya godoro: soksi, kamba ya kuanikia, dawa za kichwa, nguo za ndani, barua ya mama yangu, watu tisa wananitazama. Mkoba haukuwemo. Robo saa baadaye ulionekana ndani ya foronya yake mwenyewe, alikouficha usiku ili usiibwe. Akaniambia, "Samahani, si unaelewa hali ilivyo." Mhudumu hakusema kitu. Niliporudisha vitu vyangu mikono ilitetemeka nikashindwa kufunga zipu.

Leo likinitokea, naanza kwa kubaki pale pale. Usitoke chumbani, usiende kuoga, usianze kufunga begi kwa hasira, maana kila hatua utakayopiga kuelekea mlangoni itasomwa vingine. Pendekeza wewe mwenyewe msako kuanzia sehemu zinazosahaulika: ndani ya foronya, kati ya godoro na ukuta, ndoano ya bafuni, mfuko wa nguo chafu, koti alilovaa jana. Sauti iwe ya kawaida. Ukiombwa kufungua begi, sema, "Nitafungua langu sote tutakapofungua." Mhudumu wa hosteli si polisi, anaweza kukuomba, na ombi hukataliwa kwa adabu. Kama anashikilia, mwombe aite meneja au polisi, na ukae kwenye kiti mahali mnapoonekana na wengine. Upekuzi wowote ufanyike mbele ya shahidi, na vitu uvitoe wewe kwa mikono yako.

Andika saa, jina la mhudumu na maneno yaliyotumika, hapo hapo, wakati bado yana moto. Polisi wakija na ukashikiliwa, una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Haki hiyo iko kwenye Mkataba wa Vienna kuhusu uhusiano wa kikonseli wa mwaka 1963, kifungu cha 36, na mataifa mengi mno yameuridhia. Kwa hiyo namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji siku mbaya. Kama nchi yako haina ubalozi huko uendako, ulizia kabla ya safari ni ubalozi wa mji gani unaoshughulikia eneo hilo.

Mkoba ukipatikana, jambo halijaisha. Dai kuombwa radhi pale pale, mbele ya wale wale waliokutazama. Nilivuliwa heshima mbele ya watu tisa. Ilipasa nirudishiwe mbele ya watu tisa. Sikudai, nikahamia hosteli nyingine nikiwa nimeinamisha kichwa, na naamini wapo kati ya wale tisa ambao mpaka leo wanakumbuka begi lililofunguliwa na wamesahau foronya.

"Wewe si kama wenzako"

Hili linakuja likiwa limevaa nguo za sifa, ndiyo maana nalitenga.

Nilitembea sehemu ya njia ya mahujaji ya Camino de Santiago, ambayo kuanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa hadi Santiago, Hispania, ni takriban kilomita 780. Mimi nilianzia Burgos. Jioni ya kwanza, mstaafu mmoja aliyekuwa fundi wa mabomba aliniuliza nchi yangu, akatikisa kichwa, akasema watu wa huko alifanya nao kazi na hawapendi kujituma. Nilimuuliza amelipata wapi hilo. Akaniambia, kazini, nimekwisha kwambia. Hakutoa macho pembeni. Nikajua swali langu limegonga mwamba.

Siku chache baadaye tukajikuta tunatembea mwendo mmoja. Baada ya mji wa Carrión de los Condes kuna kipande cha kama kilomita 17 kisicho na kijiji wala duka, barabara imenyooka, mashamba tambarare kushoto na kulia. Katikati ya kipande hicho alisimama. Kisigino chake cha kulia kilikuwa na lengelenge ukubwa wa sarafu, soksi imegandamana na ngozi, na mgongo wake haukumruhusu kuinama vya kutosha. Nikamwambia akae juu ya begi. Nililowesha soksi kwa maji ikaachia taratibu, nikapitisha sindano kwenye spiriti, nikatoboa pembeni, nikakamua kwa kitambaa safi, nikafunga. Yeye alikuwa ameshika bega langu, na kila nilipogusa alilibana. Hatukuzungumza habari za nchi ya mtu. Baada ya hapo akawa ndiye anayewahi kituoni kuniwekea kitanda cha chini, kwa kuwa alikuwa ameona jinsi ninavyochukia ngazi.

Tulipofika León, kama wiki moja tangu Burgos, aliniambia mezani mbele ya wengine, kwa moyo wake wote, "Wewe si kama wenzako."

Utafurahi ukisikia hivyo. Mimi nilifurahi kwa sekunde kadhaa. Lakini tazama kilichofanyika: alikuwa amekutana na mtu asiyeingia kwenye wazo lake, na badala ya kulivunja wazo akanitoa mimi nje yake. Watu wengine milioni kadhaa wamebaki ndani, na mimi nimefanywa shahidi dhidi yao. Ukiipokea sifa hiyo, umeitia sahihi.

Jibu langu nilikuwa nimeliandika kwenye daftari miezi mingi kabla: "Asante, lakini kwetu mimi ni mtu wa kawaida kabisa. Nimefundishwa na hao hao." Nililisema polepole. Alinyamaza, akamimina maji, mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa. Asubuhi, wakati tunafunga kamba za viatu, akaniuliza, "Watu wa kijiji chenu wanafanya kazi gani?" Lilikuwa swali lake la kwanza la kweli tangu Burgos. Nikampa lile jibu la tatu, refu, na likatuchukua hadi saa sita mchana. Sina hakika alibadilika. Najua aliuliza.

Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakupunguzi chuki. Panahitajika watu wakutane wakiwa sawa, wana lengo moja, wanategemeana, na taratibu za mahali hapo zinaunga mkono usawa huo. Camino ina yote: wote mnagongewa muhuri kwenye pasi zinazofanana, mnalala vitanda vinavyofanana, mnaelekea mji mmoja. Kwenye baa ya hosteli saa tano usiku hakuna hata kimoja. Kwa hiyo ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua kazi ya pamoja kuliko sebule: matembezi ya siku nyingi, darasa la lugha, kujitolea wiki moja kufua mashuka ya hosteli kwa malipo ya kitanda pale viza yako inaporuhusu. Nguvu unazotumia kubishana usiku mmoja zingetosha kupanda mlima na mtu.

Kuna binamu wa sifa hii: mtu anakusifia kwa kuwasengenya jirani zako. "Nyinyi ni waungwana, sio kama wale wa upande wa pili wa mpaka." Usikubali. Sema tu kwamba una rafiki huko, kama unaye. Na kama huna, sema hujawahi kuishi nao.

Na wewe pia umebeba bamba lako

Kwenye jumba la makumbusho mjini Vienna kuna mchoro wa mwanzoni mwa karne ya 18, kutoka jimbo la Steiermark, uliopanga mataifa kumi ya Ulaya kwenye jedwali: tabia yao, akili yao, maradhi yao, hadi namna wanavyokufa. Unachekesha ukiwa umesimama mbele yake. Mwaka 1933 watafiti Katz na Braly wakawapa wanafunzi mia wa Chuo Kikuu cha Princeton orodha ya tabia wayagawie makundi kumi ya watu, nao wakakubaliana mno kuhusu baadhi ya makundi hayo, na hata Waturuki, ambao wengi wa wanafunzi hao hawakuwa wamewahi kukutana nao, wakapewa tabia zao. Na mwaka 2005 jopo kubwa la watafiti lililoongozwa na Terracciano na McCrae lililinganisha, kwenye tamaduni 49, jinsi watu wanavyodhani taifa lilivyo na tabia zilizopimwa za watu wenyewe. Havikulingana, hata pale watu walipokuwa wanalieleza taifa lao wenyewe.

Nayaeleza haya kwa sababu yamenihukumu. Nilihamisha kitanda usiku mmoja nilipoona vijana sita wa Australia wameingia bwenini, nikiwa nimeshaamua watalewa na kupiga kelele. Siku mbili baadaye nilishikwa na homa. Mmoja wao, muuguzi, alikaa kwenye kiti kando yangu hadi saa tisa usiku, akinipima mapigo ya moyo kwa saa yake ya mkononi na kuandika joto la mwili nyuma ya tiketi ya basi, kila nusu saa, kwa herufi ndogo sana. Tiketi hiyo ninayo. Hakunionyesha hata kidogo kwamba aliniona nikihamisha kitanda, na nina hakika aliona, kwa sababu nilipita mbele yake na shuka begani.

Kwa hiyo lile zoezi la mambo matatu lifanye mara ya pili kwa ajili ya nchi unazotarajia kukutana na watu wake. Liandike, usoni mwa karatasi, kabla hujaondoka.

Ukichoka

Utachoka. Siyo miguu. Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha mwaka 1995, kwa majaribio ya wanafunzi weusi wa Marekani, kwamba mtu akijua anatazamwa kwa wazo baya kuhusu kundi lake, kule kulikwepa wazo hilo kunamla nguvu alizozihitaji kwa kazi iliyo mbele yake. Mimi nilijigundua Ljubljana, Slovenia, nikiwa naosha vyombo vya watu sita ambao sikuwa nimekula nao. Nilikuwa wa kwanza kufagia, wa kwanza kununua sabuni, siombi chaja, siombi kisu, siombi chochote, mwezi wa pili sasa. Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa nafagia kwa niaba ya taifa zima.

Ukijiona hivyo, acha. Osha sahani yako, uondoke jikoni. Hukupewa ubalozi, hulipwi mshahara wa balozi, na huna ofisi wala dereva. Kila baada ya wiki mbili au tatu tafuta chumba cha peke yako hata kwa usiku mmoja, upige simu kwa mtu anayekujua tangu utotoni, mzungumze lugha yenu kwa sauti kubwa. Una ruhusa ya kuwa na siku mbaya, kununa, kulala hadi saa nne, kumwambia mtu, "Leo sina nguvu ya kuzungumzia nchi yangu, uniulize kesho." Mimi sentensi hiyo ilinichukua mwaka mzima kuweza kuitamka bila kueleza kwa nini. Jifunze kuitamka mapema, na ifanyie mazoezi kwa lugha ya huko uendako kabla hujapanda ndege.